Sura ya Saba: Tao la Mlango wa Nyuma

Ukilitazama kwa ubavu tela la kambi lenye umbo la chozi, huoni kona. Paa linaanzia chini upande wa mbele, linapanda kwa tao pana, linafika kileleni juu ya kitanda cha watu wawili, kisha linateremka kwa upole hadi nyuma. Chini ya mteremko huo wa nyuma ndipo lilipo jiko: rafu za vyombo, sanduku la barafu, meza ya kukatia vitunguu na mahali pa kuweka jiko la gesi. Mpishi hapiki ndani. Husimama nje, akainua mlango mmoja mpana wenye bawaba juu, na mlango ule ukishainuka humkinga jua na mvua. Ukifungwa, unakuwa nusu paa na nusu ukuta.

Mlango huo una kazi ambazo milango mingine haina. Uwe mwepesi, ili mtu mmoja auinue kwa mkono mmoja. Uwe mgumu, ili usijipinde upepo unapoupiga. Zaidi ya hayo, tao lake lifuate matao ya kuta mbili za pembeni, kutoka kwenye bawaba hadi kwenye komeo, bila kuachana nayo popote. Muulize aliyejenga tela la namna hii kwa mikono yake ni wapi palipomtoa jasho. Mara nyingi atakuzungusha nyuma akuoneshe mlango.

Sura hii ni ya mjenzi ambaye tela lake limekamilika, au limekaribia, na mlango haukai. Ukingo wa chini umebaki nje ya kuta, pengine kwa upana wa kidole gumba, na hakuna anayejua mbao zilihama lini. Nataka kuonesha namna ya kulirudisha tao mahali pake bila kuvunja kazi iliyokwisha fanywa. Nataka pia kumzuia mjenzi huyo asikimbilie dawa ya kwanza inayomjia kichwani, yaani kununua komeo lenye nguvu zaidi. Komeo hushika umbo, haliwezi kulifanya. Mlango uliovutwa kwa nguvu hadi ukafungika utaendelea kusukuma usiku na mchana, na siku moja utang'oa skrubu au kupasua mbavu zake.

Kutoka karatasi moja ya plaiwudi

Matela haya yalianza kuenea Marekani katika miaka ya 1930, uchumi ulipokuwa umeanguka na watu wa kawaida wakitafuta njia ya kusafiri na kulala bila kulipa hoteli. Majarida ya mafundi wa nyumbani yalichapisha michoro yake, na mchoro uliotoka katika jarida la Mechanix Illustrated mwaka 1947 bado unafuatwa na wajenzi hadi leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili alumini ilipatikana kwa wingi, na ngozi za nje zikaanza kung'aa. Miaka ya 1960, magari yenye injini kubwa yalipoweza kuvuta nyumba nzima barabarani, matela madogo yalisahaulika. Mwishoni mwa karne ya 20 watu wakayarudia, wengi wao wakijenga wenyewe katika gereji za nyumbani, na hadi sasa wanajenga.

Umbo lake linatokana na kipimo kimoja cha dukani. Karatasi ya plaiwudi huuzwa kwa futi 4 kwa 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440. Fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, anaijua karatasi hiyo hiyo. Ukuta mmoja wa pembeni wa tela dogo hutoka katika karatasi moja, na ndiyo sababu matela mengi ya mwanzo yana urefu wa futi 8 hivi na kimo cha futi 4. Ukuta huo hukatwa kwa msumeno, na tao lililokatwa halibadiliki. Ngozi ya mlango wa nyuma haikukatwa kuwa tao. Imekunjwa, na hapo ndipo tofauti yote ilipo.

Kwa nini tao hulegea

Mlango wa kawaida una mbavu nne, tano au sita zilizokatwa kwa kufuata tao la ukuta. Nitaziita mataruma, kama mafundi wa majahazi wanavyoziita mbao zinazoshikilia mwili wa chombo. Juu ya mataruma hulazwa ngozi ya plaiwudi nyembamba, aghalabu ya milimita 3, ikakunjwa, ikagundishwa na kupigwa pini. Fundi wa jahazi huchagua mti uliokua umepinda, ili nyuzi za mbao zenyewe zifuate mkunjo. Mjenzi wa tela hana mti huo. Taruma lake limekatwa kutoka ubao ulionyooka, mara nyingi ni jembamba, na juu yake imelazwa ngozi inayotaka kunyooka tena. Mlango ukitolewa kwenye kalibu, ngozi hunyooka kidogo na kuyavuta mataruma pamoja nayo.

Kiasi cha kurudi huko kinaweza kukadiriwa. Kunja karatasi moja ya plaiwudi, kisha iachie: itarudi yote. Kunja mbili zenye unene sawa zikiwa na gundi katikati, subiri gundi ikauke, kisha achia: zitarudi kwa takriban robo ya mkunjo. Zikiwa tatu, kinachorudi ni kama sehemu moja ya tisa. Zikiwa nne, sehemu moja ya 16. Zidisha idadi ya tabaka kwa idadi hiyo hiyo, nawe umepata kigawanyo. Kwa hiyo tabaka nyingi nyembamba hushika tao vizuri kuliko tabaka chache nene, hata kama unene wa jumla ni ule ule.

Unyevu ni sababu ya pili. Mlango uliopakwa rangi nje na kuachwa mtupu ndani hupokea mvuke wa jiko upande mmoja tu. Upande ulionyonya maji hutanuka, ule mwingine hautanuki, na tao hubadilika bila mtu kuligusa. Sababu ya tatu ni shokapu za gesi zinazouinua mlango. Mlango ukiwa umefungwa, shokapu haziachi kusukuma. Zikiwa zimefungwa katikati ya tao na nguvu yake imezidi, kazi yake kwa miezi yote ambayo tela limeegeshwa ni kulisukuma tao nje.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa anayejenga mlango mpya hilo ndilo shauri lote: likunje tao kupita kiasi kidogo gundi ikiwa bado mbichi, tena kwa tabaka nyingi. Msomaji wa sura hii lakini ana samaki aliyekwisha kukauka. Kwake kazi inaanza na kupima.

Pima kabla ya kukata

Ondoa shokapu zote mbili. Ondoa mpira wa kuzuia maji kwenye kuta. Fungua komeo na uuache mlango ulale kwa uzito wake. Sasa pima nafasi kati ya mlango na ukuta kila baada ya sentimita 10, upande wa kushoto na wa kulia, kuanzia kwenye bawaba hadi chini, na uandike namba kwa penseli ukutani penyewe. Namba hizo zitakuambia jambo ambalo jicho halioni.

Ikiwa nafasi imetoweka mara tu shokapu zilipoondolewa, tao ni zima na tatizo ni shokapu. Ikiwa imetoweka mpira ulipoondolewa, umenunua mpira mnene au mgumu kuliko nafasi uliyouachia. Ikiwa nafasi ni sawa kote tangu kwenye bawaba, bawaba imewekwa juu mno, na dawa yake ni kuishusha. Ikiwa upande mmoja umekaa na mwingine umenyanyuka, mlango umejipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, na tao lenyewe pengine halina kosa. Lakini namba zikianza na sifuri karibu na bawaba na kukua kidogo kidogo hadi zikafika milimita 15 au 20 chini, basi tao limelegea, na hapo ndipo msumeno una kazi.

Mimi hushauri vipimo hivi virudiwe siku nyingine, tela likiwa kivulini. Mbao zilizokaa juani na mbao zilizokaa mvuani hutoa namba tofauti, na si haki kulikata taruma kwa sababu ya hali ya hewa ya asubuhi moja. Nafasi iliyo sawa kote na isiyozidi milimita 5 haihitaji kukatwa chochote. Mpira laini utaimaliza.

Msumeno mwembamba na hesabu ndogo

Kulikaza tao lililolegea kunahitaji taruma lipungue urefu upande wake wa ndani, huku upande wa nje, palipo na ngozi, ukibaki ulivyo. Njia ni kukata mikato myembamba kutoka ndani kuelekea nje, kuivuta mikato hiyo ikaribie kufumba, na kuigandisha ikiwa hivyo. Ngozi ya nje haiguswi. Milimita chache za mwisho za taruma zinaachwa bila kukatwa, nazo ndizo zinazopinda.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua taruma lenye kina cha milimita 40, na mkato ulio umbali wa milimita 800 kutoka ukingo wa chini wa mlango. Gawanya 800 kwa 40, upate 20. Maana yake ni kwamba kila milimita moja unayoifumba kwenye mkato husogeza ukingo wa chini kwa takriban milimita 20. Nafasi yote iliyokusumbua iko ndani ya milimita moja ya mbao. Kwa hiyo usishike msumeno kwa hasira. Anayekata mikato mipana na kuifumba yote atapata mlango uliojikunja kuingia jikoni.

Mkato mmoja ungetosha kwa hesabu, lakini ungeacha kona inayoonekana nje, hasa kwenye alumini inayong'aa. Gawa kazi. Ukikata minne katika kila taruma, kwa umbali wa milimita 800, 650, 500 na 350 kutoka ukingo wa chini, kila mmoja unahitaji kufumba karibu theluthi moja tu ya milimita ili ukingo usogee 20. Tao hubaki tao. Ipange mikato pale vipimo vyako vilipoanza kukua, maana hapo ndipo taruma lililegea, na ikate mahali pamoja katika mataruma yote, ili mlango usijipinde upande.

Kabla ya hayo, ngozi ya ndani, kama ipo, lazima itoke. Mlango wenye ngozi mbili zilizogundishwa ni sanduku lililofungwa, na sanduku halikubali kukunjwa hata mataruma yake yakikatwa. Ing'oe kwa patasi pana polepole. Ni plaiwudi ya bei nafuu na utaweka mpya. Kama nje kuna alumini, legeza vipande vya kingo vinavyoishikilia ili iweze kuteleza.

Kalibu bora ni tela lenyewe

Wapo wanaoushusha mlango na kuulaza kwenye kalibu ya mbao iliyokatwa upya. Mimi napendelea uachwe kwenye bawaba yake. Mlango huu hautakaa kwenye tela la mchoroni. Utakaa kwenye tela hili, lenye kuta hizi, na kama ukuta wa kushoto ulikatwa milimita mbili pungufu, mlango unapaswa kulijua hilo.

Funika kingo za kuta kwa nailoni, ili gundi isiugandishe mlango kwenye tela. Mpira wa kuzuia maji ubaki umetolewa. Nafasi yake, ambayo huwa kati ya milimita 8 na 10, sasa ina kazi nyingine: ndani yake utaweza kulikunja tao kupita kipimo. Mbao zikiachiwa zitarudi kiasi, na nafasi hiyo ndiyo akiba ya kurudi kwake.

Kwanza fanya jaribio bila gundi. Inua mlango, kata mikato, ushushe, kisha zungusha mikanda miwili ya kukazia mizigo, kutoka kwenye fremu ya chini ya tela upande wa mbele, juu ya paa, hadi fremu ya nyuma. Weka ubao chini ya mkanda kila unapogusa ngozi. Kaza kidogo kidogo, upande huu kisha upande ule, huku ukipima. Ukingo wa chini ukiingia hadi kugusa ukuta, umefika. Usipofika, usiongeze nguvu. Zidisha kina cha mikato kwa milimita moja na ujaribu tena.

Jaribio likikubali, ndipo uchanganye gundi. Ile nyeupe ya seremala haifai hapa, kwa sababu inahitaji mbao zigusane na haina nguvu ikibaki pengo. Mikato yako haitafumba yote, kwa hiyo tumia epoksi inayokauka polepole, iliyokorogwa na unga wake wa kuifanya nzito, nayo itajaza kilichobaki. Ijaze katika kila mkato, futa inayochuruzika, shusha mlango, kaza mikanda kama ulivyofanya kwenye jaribio, na uuache. Watengenezaji wa epoksi huandika muda wa kukauka kwa joto fulani. Gereji ikiwa baridi kuliko joto hilo, ongeza muda kwa ukarimu. Kufungua mapema kunapoteza kazi yote.

Ikiwa vipimo vilionesha pia kwamba mlango umejipinda, wakati wa kurekebisha ni huu huu: weka kabari nyembamba chini ya kona iliyoingia zaidi, na ukaze mkanda zaidi upande ulionyanyuka.

Kulifunga umbo

Epoksi imekauka, mikanda imelegezwa, na mlango umekaa karibu na pale ulipotakiwa. Wengi huishia hapo, wakashangaa tao kulegea tena baada ya msimu mmoja. Mataruma yaliyokatwa na kuzibwa yana umbo jipya, lakini bado kuna ngozi moja tu, na bado ngozi hiyo inataka kunyooka. Umbo sasa linapaswa kufungwa.

Kinachofunga ni ngozi ya pili. Kata plaiwudi ya milimita 3 kwa ajili ya ndani, ipakae gundi kila panapokutana na taruma, ikaze kwa vibanio na skrubu ndogo mlango ukiwa bado umeshikwa kwenye tao lake. Ili mlango wenye ngozi mbili ubadili tao, ngozi ya nje ingelazimika kufupika na ya ndani kurefuka, au kinyume chake, na gundi hairuhusu moja iteleze juu ya nyingine. Mbao zile zile zilizokuwa zikilegea kila mwezi sasa zinazuiana. Nafasi kati ya mataruma inaweza kujazwa fomu nyepesi, nayo husaidia ngozi zisibonyee.

Kabla ya kuifunga ngozi hiyo, paka vanishi au epoksi kila upande wa mbao, na kingo zake hasa, kwa sababu plaiwudi hunywa maji zaidi kwenye ukingo kuliko usoni. Ndani na nje zipate kinga sawa. Mvuke wa wali na chai utapanda kwenye ngozi ya ndani kila mlo, na joto la jiko pia. Jiko la gesi liwekwe mbali na ukingo wa mlango, na moto usiachwe peke yake.

Alumini ya nje irudishwe ikiwa huru kutembea. Karatasi yenye urefu wa mita 1.5, joto lake likipanda kwa nyuzi 40 za Selsiasi, hurefuka kwa karibu milimita 1.4, kiasi kikubwa kuliko kile ulichofumba kwenye mkato wowote. Ukiigundisha yote kwenye plaiwudi, jua litalipinda tao upya. Shikilia kingo zake kwa vipande vya pembeni, na uiache katikati.

Shokapu nazo zihesabiwe badala ya kukisiwa. Mlango wa kilo 20 ambao uzito wake umetulia sentimita 60 kutoka kwenye bawaba, ukiwa umeinuka hadi kulala sambamba na ardhi, unahitaji kushikiliwa na nguvu ya nyutoni 470 hivi ikiwa shokapu zinasukuma kwa umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye bawaba. Hiyo ni kama nyutoni 235 kwa kila shokapu. Anayefunga za nyutoni 400 kila moja ameongeza nguvu ambayo mlango hauihitaji ukiwa wazi, na ambayo tao litaibeba likiwa limefungwa. Zifunge kwenye taruma la pembeni lililoongezwa unene, si kwenye ngozi.

Maji, vumbi na chaki

Mpira urudishwe mwisho. Paka chaki juu yake, funga mlango, kisha ufungue: mstari wa chaki uliohamia kwenye mlango uwe mzima kutoka bawaba hadi chini, pande zote mbili. Palipokatika ndipo mpira haugusi. Halafu bana ukanda wa karatasi kati ya mlango na mpira, uvute. Utoke kwa kusita kila mahali, usichomoke na usipasuke. Mwagia maji kwa bomba kutoka mbele na kutoka juu, kwa sababu tela likikimbia mvuani, upepo huyasukuma maji ya paa yavuke bawaba kuelekea nyuma.

Usidharau vumbi pia. Nyuma ya chombo kinachokimbia, mgandamizo wa hewa hushuka, na hewa ya barabarani hutafuta kila tundu iingie. Pengo ambalo halipitishi tone la mvua gerejini huweza kuujaza unga wa njia ya changarawe ndani ya masufuria. Kwa mtu atakayepika chakula cha watoto wake humo, milimita tatu za pengo si suala la urembo.

Baki na jaribio moja, nalo nalipa uzito kuliko mengine yote. Fungua komeo, ondoa shokapu, shusha mlango kwa mkono, uachie. Ukikaa juu ya mpira wake pande zote kwa uzito wake mwenyewe, tao ni lako, na komeo dogo la bei rahisi litatosha kwa miaka mingi. Usipokaa, usifunge safari. Rudi kwenye vipimo ulivyoandika ukutani uone ni namba ipi iliyobaki.